Jembe 1972, uraia 2014: Warundi wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo

Mauaji yalipoitikisa Burundi kuanzia mwishoni mwa Aprili 1972, makumi ya maelfu ya Warundi, wengi wao Wahutu, walivuka mpaka na kuingia Kigoma. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua wasikae wakisubiri mgao. Wapewe ardhi, walime.

Ndivyo yalivyozaliwa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba huko Mpanda, na baadaye Mishamo, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya Ulyankulu kuelemewa. Yalikuwa mapori ya miombo yenye mbung'o, mbali na mpaka na mbali na miji. Kila kaya ilipimiwa shamba, ikapewa zana na mbegu, pamoja na chakula cha kuivusha hadi mavuno. UNHCR ilitafuta fedha, na shirika la Kikristo la TCRS likasimamia barabara, visima, shule na zahanati.

Pori lile likageuka ghala. Mahindi, maharage na mihogo vilitosha kula na kuuza, na tumbaku ikawapatia wakulima fedha taslimu. Kufikia 1985, Mishamo nayo ilipokabidhiwa serikalini, makazi yote matatu yalikuwa yakijitegemea. Naamini hakuna ukurasa wa ukarimu wetu unaostahili heshima kuliko huu.

Lakini heshima hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo ulikuwa karatasi. Aliyetaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali cha Mkuu wa Makazi. Kijana aliyezaliwa Katumba, akasomeshwa kwa Kiswahili na asiijue Burundi hata kwa macho, hakuwa huru kufunga safari kwenda Tabora au Dar es Salaam kutafuta ajira. Alitakiwa kubaki mkulima kama baba yake.

Wenzao waliokwepa makazi wakabaki Kigoma mjini walipita njia nyingine. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta wamejichanganya na wenyeji, wengine wakijitambulisha kuwa Waha, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana. Walipata riziki kwa kuficha asili yao. Sioni kama hiyo ni bei ya haki kwa mtu kulipa ili apate kibarua.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR zilikubaliana kulimaliza suala hili. Wakazi wa makazi matatu, takriban watu 218,000, waliulizwa wanataka nini; karibu wanane katika kila kumi wakachagua uraia. Mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yakakubaliwa. Kisha wakaambiwa wahame, watawanywe mikoani, na mambo yakakwama. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, baada ya sharti la kuhama kuondolewa. Wengi waliofika na jembe mkononi walikuwa wameshazikwa.

Warundi waliokimbia vita vya 1993 hawakupimiwa mashamba. Waliwekwa kambini, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikatumika kuwazuia kutoka zaidi ya kilomita nne bila ruhusa. Kibali cha kazi kimo katika sheria hiyohiyo, ila ni wachache mno wanaoweza kukipata wakiwa ndani ya kambi. Kufikia 2019 hata masoko ya pamoja, ambako wakimbizi na wanavijiji wa Kigoma walikuwa wakiuziana mazao, yalikuwa yamefungwa.