Gustav Lorentzen, mzee aliyerudisha gesi iliyotupwa

Sisi tuliosoma kilimo tunajua: nyanya, samaki na maziwa bila baridi ni hasara. Lakini ni mara ngapi tunajiuliza ndani ya frigo kunazunguka kitu gani?

Zamani, meli za kubeba nyama zilipata baridi kwa CO2, ile gesi tunayoitoa tukipumua. Mu miaka ya 1930 Freon ikatoka Marekani: haina harufu, haiwaki moto, presha yake ni ndogo. CO2 ikasahauliwa. Halafu mwaka 1974 Molina na Rowland wakaonyesha kwamba gesi za aina ya Freon zinaharibu ozoni, na mwaka 1987 mataifa yakapatana kule Montreal kuzipunguza. Viwanda vikaleta zingine, kama R134a. Hiyo haigusi ozoni, lakini kilo yake moja inapasha dunia joto kupita kilo 1.000 za CO2.

Hapo njo anaingia Gustav Lorentzen, profesa wa uhandisi wa baridi kule Trondheim, Norway. Alikuwa amepita miaka 70, wakati wenzake wengi wanapumzika. Yeye aliona hakuna haja ya kutengeneza gesi ingine ya kiwandani wakati asili iko na yake. Shida ilikuwa hii: joto likipita digrii 31, CO2 haigeuki maji hata uikandamize namna gani. Lorentzen akasema basi, ibakie gesi. Tuikandamize kupita mara 70 ya presha ya hewa, na vali ndiyo iongoze hiyo presha. Joto linalotoka lipashe maji. Uvumbuzi huo aliuandikisha mwaka 1989.

Alikufa mwaka 1995. Mwaka 2001 Japani ikaanza kuuza mashine za CO2 za kupasha maji, na leo masoko makubwa mengi ya Ulaya yanapoza chakula kwa njia hiyo.

Na sisi? Mwaka 2016, hapa jirani Kigali, mataifa yalipatana kupunguza gesi za jamii ya R134a. Lakini pahali pa joto kali, mashine ya CO2 inakula umeme zaidi, na umeme njo kile tunakosa. Kazi ya Lorentzen ilianzia kwenye baridi ya Norway. Sehemu iliyobaki ni ya watu wa inchi za joto. Wenzangu wa uhandisi na wa kilimo, nani kati yetu ataishika?