Mkono, Badani na Kikwapa: Istilahi za Nguo za Kipupwe katika Nyanda za Kati

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kipupwe katika Dodoma. Mji huo uko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 15 za Sentigredi, ilhali mchana jua huwaka na upepo huvuma. Kwa hiyo vazi lifaalo si koti zito, bali ni nguo nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine: ya ndani iwe ya mikono mirefu na iukae mwili, ya nje iwe na nafasi, ipate kuvuliwa jua lipandapo. Watumishi wengi waliotoka pwani baada ya Serikali kuanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 wamejifunza jambo hilo upesi.

Nguo ya ndani ya namna hiyo aweza kujishonea mtu yeyote mwenye cherehani. Lakini mwalimu atakaye kuandika maelekezo yake kwa Kiswahili husita: sehemu za nguo hiyo zinaitwaje? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba majina mengi yamekuwapo tangu zamani.

Tuanze na nguo isiyoshonwa. Katika karne ya 19 Ugogo ulikuwa katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Wasafiri waliopita huko, kama Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, walitozwa hongo na watemi, na sehemu kubwa ya hongo hiyo ilikuwa vitambaa: kaniki iliyotiwa rangi ya nili, na merikani, ambayo jina lake latukumbusha viwanda vya Marekani ilikotoka. Kipimo kilikuwa mkono, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ilifanya shuka, mikono 8 ilifanya doti, na kitambaa kizima kiliitwa jora. Shuka haikuhitaji mkasi wala sindano. Ilifungwa begani na kuwa rubega. Katika biashara hiyo, basi, mkono ulikuwa kipimo cha kitambaa.

Huko pwani, wakati huo huo, mafundi wa kanzu walikuwa na istilahi kamili, nazo zimehifadhiwa katika kamusi kongwe. Kipande cha mbele au cha nyuma kiliitwa badani, neno la Kiarabu lenye maana ya kiwiliwili. Kipande cha ubavuni kilikuwa taharizi. Kijipande kilichotiwa chini ya kwapa ili mkono upate kuinuka kilikuwa kikwapa. Kitambaa cha kuimarisha shingo kwa ndani kilikuwa kaba, na upindo wa mwisho wa mkono ulikuwa sijafu. Hapa mkono tayari ni sehemu ya nguo.

Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, bidhaa na ufundi wa pwani vilipata njia ya haraka ya kwenda bara. Cherehani, ambayo jina lake huhusishwa na neno la Kiajemi la gurudumu, ilienea pamoja na shati, kola na sweta. Neno fulana lina historia yake: limetokana na jina la Kiingereza la kitambaa laini cha sufu, likahama kutoka kitambaa hadi vazi, na leo fulana nyingi ni za pamba. Aandikaye kuhusu nguo za baridi asidhani kwamba kila fulana huleta joto.

Istilahi hizi zina kazi hata leo. Nguo iukaayo mwili ikikatwa na kwapa la chini mno, mvaaji akiinua mkono badani nayo hupanda, na kiuno hubaki wazi kwa upepo. Fundi hupandisha kwapa au hutia kikwapa. Mkono nao hupimwa kwa futikamba kiwiko kikiwa kimekunjwa; ukipimwa umenyooshwa, sijafu hurudi nyuma mtu aandikapo mezani.

Hapo ndipo penye hatari katika maandishi ya ofisi. Hati ya zabuni ya sare isemayo tu “urefu wa mkono” yaweza kufahamika kuwa ni mkono wa mtu au mkono wa nguo, na tofauti ya inchi mbili katika sare mia tano ni hasara kwa mshonaji na kwa Serikali.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) Maandishi rasmi yatenganishe mkono wa mwili na mkono wa nguo, na yaeleze kipimo kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

(b) Badani, taharizi, kaba na sijafu zitumike pia kwa blauzi na shati, si kwa kanzu peke yake.

(c) Kikwapa kisikwepwe kwa sababu tu kina maana nyingine ya harufu ya jasho; muktadha wa ushonaji huondoa utata.

(d) Kabla ya kuunda neno jipya, mfasiri afungue kamusi kongwe, kisha aende kwa fundi amwonyeshe kipande chenyewe na kumwuliza anakiitaje.