Sanduku la Vitabu: Historia Fupi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Iliyoandikwa Ubwari

Atazamaye ramani ya Ziwa Tanganyika ataona, katika ufuo wa magharibi, upande wa Kongo, ulimi wa nchi ya milima uliojinyoosha kuelekea kaskazini na kuacha baina yake na bara ghuba tulivu ambayo wageni waliipa jina la Burton. Ulimi huo ndio Ubwari, na kandokando ya ghuba ndipo ulipo mji wa Baraka. Richard Burton na John Speke walipofika huku kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, wakitokea Ujiji, walidhani wamefika kisiwani. Na kwa hakika, hata leo, mkazi wa ncha ya Ubwari hana budi kuishi kama mtu wa kisiwa, kwa kuwa chumvi, nguo, dawa na barua humjia kwa maji, na kitabu, kama kinamjia, humjia kwa njia hiyohiyo.

Nakusudia kueleza habari za taasisi isiyo yetu, nayo ni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo sheria yake ya kwanza imekwisha kutimiza miaka sitini na zaidi. Sikuichagua kwa kukosa la kusema juu ya kwetu. Nimeichagua kwa sababu sisi wa Ubwari, Fizi na Baraka tunasoma na kuzungumza lugha ileile iliyomo katika vitabu vyake, na kwa sababu jambo lililoianzisha, yaani sanduku la vitabu lipelekwalo kwa msomaji mahali alipo, ndilo jambo ambalo nchi yetu isiyo na barabara njema inalihitaji kuliko majumba.

Kitabu hakikuwa kigeni kwetu. Kilikuja kwanza katika mizigo ya waungwana na wafanyabiashara waliotoka Unguja na pwani kwa njia ya Tabora na Ujiji, na watoto wakaketi chuoni wakijifunza alifu na bee mbele ya msahafu. Hata hivyo haifai kuficha kwamba misafara hiyohiyo iliyoleta elimu ilichukua watu wetu utumwani, na machozi ya wale waliovushwa ziwa hayajafutika katika masimulizi ya wazee. Kisha mnamo 1883 mapadri wa shirika la White Fathers walijenga misheni Kibanga, katika nchi hii ya Ubwari, nao wakaja na vitabu vyao; lakini maradhi yaliwaandama hata baada ya miaka kumi wakahama. Vitabu vyote hivyo, vya chuoni na vya misheni, vilikuwa na heshima yake, na vinatudai shukrani wengi wetu. Ila vilikuwa vitabu vya nyumba fulani, na aliyetaka kuvisoma ilimbidi kwanza awe mtu wa nyumba ile. Maktaba ya umma ni jambo jingine kabisa. Mtu huingia humo bila ya kuulizwa dini yake, kabila lake wala darasa alilofikia, akaazima kitabu, akaenda nacho kwake, akakirejesha, na mwingine akakichukua.

Jambo hili lilianza kushika mizizi katika Afrika ya Mashariki mwaka 1948, pale ilipoundwa mjini Nairobi ofisi iliyoitwa East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards, mtu aliyekuwa na ujuzi wa kuchapisha na kuuza vitabu vya misheni. Ofisi ile ilipewa kazi mbili. Ya kwanza ni kuwatafuta waandishi wa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mbele, na kuchapisha kazi zao. Ya pili ni kuvifikisha vitabu kwa watu. Na kwa kuwa miji ilikuwa michache, na wasomaji waliokuwa na kiu zaidi walikuwa walimu, makarani na wakulima wa mbali, vitabu vilifungwa katika masanduku na kupelekwa kwenye shule na majumba ya mikutano, vikakaa huko muda, kisha sanduku likabadilishwa kwa jingine. Na yule ambaye hata sanduku halikumfikia aliweza kuletewa kitabu kwa posta. Nasimama hapa kidogo, kwa sababu naona hekima kubwa katika kazi ile. Mwenye kujenga nyumba ya vitabu humwambia msomaji aje. Mwenye kufunga sanduku hukiri kwamba msomaji ana shamba, ana nyavu, ana watoto, na kwamba ni haki kitabu kichoke kwa safari badala yake.

Lakini masanduku yale yalikuwa na mwisho wa safari. Ofisi ya Nairobi ilitumikia nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, na mpaka wao ulipita katikati ya ziwa. Upande huu ilikuwa ni Kongo ya Wabelgiji. Samaki hawakuujua mpaka huo, wala upepo, wala wajomba na mashangazi zetu waliooa na kuolewa Kigoma na Ujiji. Kilichoujua ni kitabu peke yake.

Mwaka 1960 bwana S. W. Hockey, aliyekuwa msimamizi wa maktaba katika ofisi ile, alitoa taarifa juu ya namna ya kueneza huduma za maktaba katika nchi za Afrika ya Mashariki, na shauri lake kuu lilikuwa kwamba kila nchi iwe na bodi moja, iliyowekwa kwa sheria, itakayokuwa na dhamana ya maktaba zote za umma mjini na shamba. Tanganyika ilipopata uhuru ililichukua shauri hilo kwa haraka ya kustaajabisha. Nchi ilikuwa maskini, na watu wazima wengi hawakujua kusoma. Serikali yoyote ingeweza kusema, na isingelaumiwa, kwamba maktaba zisubiri hata watu wapate kwanza maji na zahanati. Haikusema hivyo. Sheria namba 39 ya mwaka 1963 ilipitishwa, na kazi ikaanza mwaka uliofuata chini ya mkurugenzi wa kwanza, Max Broome, kwa vitabu vilivyorithiwa kutoka ofisi ya Nairobi. Nami siwezi kuutaja mwaka 1963 bila ya kukumbuka kwamba ndio mwaka ambao Mwalimu Julius Nyerere, pamoja na shughuli zote za dola changa, alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Na kwamba Shaaban Robert, ambaye hapana maktaba ya Kiswahili iwezayo kujiita maktaba bila ya kazi zake, alikuwa amefariki Juni 1962, asiione sheria hiyo.

Tarehe 9 Desemba 1967, katika sikukuu ya uhuru, Mwalimu alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam, katika barabara ambayo sasa ina jina la Bibi Titi Mohamed. Ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha la siasa ya ujamaa na wa Elimu ya Kujitegemea, na maktaba ile ilizaliwa ndani ya fikra hizo: ukumbi wa watu wazima, ukumbi wa watoto, magazeti ya kusoma, vitabu vya kuazima, na nyuma ya hayo yote karakana ya kuvipokea, kuviorodhesha na kuvigawa vitabu vya kwenda matawini mikoani. Katika kazi zote hizo naipa daraja ya juu ile ya ukumbi wa watoto. Mtoto aliyezoea kuingia mahali penye vitabu elfu, akavigusa kwa mikono yake, akachagua mwenyewe, hatakuja kukiogopa kitabu maishani mwake. Ilhali mtoto aliyekiona kitabu kimoja tu, nacho kikiwa mkononi mwa mwalimu mwenye kiboko, aghalabu hukiogopa hata uzeeni.

Baada ya Broome uongozi ulishikwa na E. E. Kaungamno, Mtanzania wa kwanza katika cheo hicho, na enzi yake ilikutana na kampeni kubwa ya kufuta ujinga. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee wenye mvi waliketi chini ya miembe na kalamu za risasi. Na mitihani ya taifa ilionyesha kwamba wasiojua kusoma, waliokuwa asilimia 39 mwaka 1975, wamepungua kuwa 27 mwaka 1977. Hapo ndipo lile sanduku la kale liliporudi kwa sura mpya. Kwani mtu mzima aliyejifunza herufi, kisha akakosa cha kusoma, baada ya misimu miwili ya mvua herufi humtoka kama maji ya kiganjani. Kwa hiyo zilianzishwa maktaba za vijijini, vyumba vidogo na makabati yenye vitabu vya Kiswahili vya kilimo, afya, siasa na hadithi, chini ya ulinzi wa mwalimu au mwanakijiji mwenyewe. Sheria mpya ya mwaka 1975 iliipa bodi nguvu zaidi, pamoja na haki ya kupokea nakala za kila kitabu kinachochapishwa nchini, ili kisipotee.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki, nami nitaipita upesi. Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, vilikwisha mwaka 1979 na kuiacha hazina tupu. Fedha za kigeni za kununulia karatasi na vitabu zilikosekana. Makabati mengi ya vijijini yakabaki na vumbi. Vitabu vya msaada vilikuja kutoka Uingereza, navyo vilifaa, ingawa vingi vilikuwa katika lugha ambayo mkulima hakuisoma. Lakini bodi haikufa, na naona iliyoiokoa ni ile sheria: ofisi iliyosimama juu ya hisani hufa hisani ikikatika, bali iliyosimama juu ya sheria huweza kudai haki yake hata siku ya njaa. Katika miaka hiyohiyo migumu ndipo kilipofunguliwa chuo cha ukutubi Bagamoyo, mwaka 1989, hata leo mtu aweza kusomea kazi ya kutunza vitabu na nyaraka katika mji uleule ambao zamani misafara ilianzia safari ya kuja kwetu.

Sasa narudi upande huu wa maji. Vita vya 1964 na 1965 vilipita Fizi na Baraka. Vikaja vya 1996, kisha vya 1998. Watu wetu walivuka ziwa kwa maelfu, wakakaa katika kambi za mkoa wa Kigoma, Lugufu na Nyarugusu, na watoto wakakua huko wakisoma masomo ya Kongo huku wakisikia Kiswahili cha Tanzania redioni na sokoni. Walipoanza kurejeshwa, Oktoba 2005, meli iliwashusha hapa Baraka na mizigo yao: magodoro, masufuria, mabati, na wengine, katikati ya nguo, walikuwa na vitabu.

Na kwa wale waliokimbilia Burundi sanduku lilikuja kwa sura ambayo bwana Hockey asingeitambua. Mwaka 2014 shirika la Kifaransa la Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka katika kambi za Kavumu na Bwagiriza, walimokaa Wakongo, maktaba ya kufungasha iitwayo Ideas Box, iliyosanifiwa na Philippe Starck. Yote huingia juu ya chaga mbili za mizigo. Hufunguliwa kwa muda usiotimu dakika ishirini, ikawa ukumbi wa mita za mraba mia moja, wenye vitabu vya karatasi, kompyuta, intaneti na sinema, na umeme wake yenyewe. Vyombo ni vya karne hii, lakini azma ni ileile ya 1948: kitabu kisafiri, msomaji asibughudhiwe.

Hii ndiyo sababu nasema kwamba Ubwari isisubiri jengo. Tumeyaona majengo yetu yakichomwa katika vita. Na katika miaka hii maji ya ziwa yamepanda yakaingia katika nyumba na shule za Baraka na vijiji vya ufuoni, na jengo haliwezi kuhama, ilhali sanduku watu wawili hulibeba wakalipandisha mlimani. Boti za Kigoma huja na kurudi na bidhaa. Kigoma na Dar es Salaam vitabu vya Kiswahili vya watoto, vya hadithi, vya kilimo na vya sheria vinapatikana, na hapana hata mstari mmoja ndani yake utakaohitaji mfasiri kwa mtu wa Ubwari.

Basi nawaomba wazee wangu, mama zetu wa sokoni, walimu, maimamu, wachungaji na mapadri, na ninyi manahodha wa boti: tuanze na masanduku matatu, moja likae Baraka, moja Sebele, moja Kazimia, na kila baada ya miezi mitatu yabadilishane kwa boti. Kila sanduku liwe na daftari la waazimaji na mlinzi mmoja aliyechaguliwa na watu wa mahali pale. Na yeyote aliyerudi kutoka Lugufu au Nyarugusu, ambaye bado ana kitabu alichovuka nacho, akilete, kiwe cha kwanza kuandikwa katika daftari.