Marufuku Isiyo na Mwenyewe: Baiskeli za Umeme Jijini New York

Kati ya mwaka 2002 na 2020, mkazi wa New York aliweza kuingia dukani mchana kweupe, akalipia baiskeli ya umeme, akapewa risiti yake, kisha akawa mvunja sheria mara tu alipoingia nayo barabarani. Kuuza kulikuwa halali, kununua halali, kumiliki halali. Kuendesha tu ndiko kulikokuwa kosa.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni sheria mbili zilizokutana bila kupatana. Mwaka 2002 Kongresi ya Marekani iliziondoa baiskeli za umeme za mwendo mdogo katika kundi la magari, ikaziweka katika bidhaa za kawaida za matumizi: ziwe na pedali zinazofanya kazi, mota isiyofika wati 750, na mwendo usiofika maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, zinapoendeshwa kwa mota peke yake. Sheria hiyo, hata hivyo, ilihusu kuunda na kuuza. Nani apite barabarani na kwa chombo gani ni mamlaka ya majimbo, na jimbo la New York lilibaki na tafsiri yake ya zamani: chenye mota ni chombo cha moto, na chombo cha moto sharti kisajiliwe. Idara ya magari nayo ilisema baiskeli hizi hazina sifa za kusajiliwa. Zikawa kama popo, ndege wanamkataa na wanyama wanamkataa. Jiji likaongeza kanuni yake juu ya skuta za mota, yenye faini ya dola 500, na baiskeli za umeme zikanaswa humo.

Hoja yangu inaanzia hapo. Mjadala wa marufuku hii mara nyingi huelezwa kama ugomvi wa usalama na uhuru, au wa wazee na vijana. Ugomvi huo upo, lakini haujibu swali la msingi: kwa nini ilichukua miaka kumi na minane kuondoa kitu ambacho karibu hakuna aliyesimama kukitetea? Jibu ninaloliona ni kwamba marufuku hii haikuwekwa na mtu kwa kusudi. Ilizaliwa kwenye ufa kati ya ngazi tatu za serikali. Aliyekwenda kulalamika jijini aliambiwa tatizo liko kwenye sheria ya jimbo, na wanasiasa wa jimbo hawakuwa na sababu ya kuamka usiku kwa ajili ya wapeleka chakula wa Manhattan, ambao ndio waliotegemea baiskeli hizi.

Historia ya jiji hilohilo inatupa kipimo kizuri. Julai 1987 Meya Ed Koch alitangaza kuzipiga marufuku baiskeli za kawaida katika barabara za Fifth, Park na Madison, katikati ya Manhattan, siku za kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Walengwa walikuwa matarishi waliosambaza barua na mafaili kwa baiskeli kati ya ofisi za mawakili, mabenki na mashirika ya matangazo. Matarishi wakajazana barabarani kuandamana, wanaharakati wakaenda mahakamani, na kufikia Septemba hakimu alikuwa ameitengua amri kwa sababu jiji halikutoa tangazo kwa utaratibu unaotakiwa. Amri ile ilikuwa na jina, tarehe na mipaka ya mitaa, kwa hiyo ilikuwa na mahali pa kushikwa. Ilianguka ndani ya majuma machache. Ile ya baiskeli za umeme haikuwa na meya wa kushtakiwa wala tarehe ya kuanza iliyokosewa.

Hata hivyo, ufa wa kisheria peke yake hauelezi yote. Sheria nyingi mbovu hulala vitabuni bila kumuumiza mtu. Hii iliuma kwa sababu iliwaangukia watu mahususi. Miaka ile ya mwanzo, waliokuwa juu ya baiskeli hizo wengi walikuwa wahamiaji kutoka China, baadhi yao wanaume wa makamo na zaidi, waliopeleka chakula cha mikahawa kwa saa kumi au kumi na mbili kwa siku. Baadaye wakajiunga nao watu wa Mexico, Guatemala na Afrika Magharibi. Walichagua baiskeli ya kuongeza mwendo kwa kuzungusha mkono, kama pikipiki, kwa sababu goti la mtu wa miaka hamsini halistahimili kukanyaga pedali kutwa nzima. Faini moja ilikula mapato ya siku kadhaa, na baiskeli yenyewe ilikamatwa. Mwaka 2017, hadi kufikia Oktoba, polisi walikuwa wamekamata zaidi ya 900. Mwezi huo Meya Bill de Blasio aliahidi kwamba kuanzia Januari 2018 adhabu zingewaelekea wenye mikahawa. Nia hiyo naiheshimu. Lakini askari yupo barabarani, na mwenye mkahawa yupo jikoni kwake, hivyo anayepatikana kwa urahisi ni mpeleka chakula.

Ni lazima niseme wazi kwamba hofu ya waenda kwa miguu ni ya kweli. Mzee anayevuka barabara husikiliza kabla ya kutazama, na baiskeli ya umeme haina sauti. Ikija kinyume cha njia, au ikipanda kwenye njia ya miguu, inamtoa mtu roho kabla haijamgusa. Mwandishi anayedharau hofu hiyo hajawahi kumshika mama yake mkono barabarani. Ninachohoji ni namna hofu hiyo inavyogeuzwa kuwa sera. Miaka hiyo waenda kwa miguu wapatao 100 au zaidi walikufa kila mwaka jijini, wengi wao kabisa wakigongwa na magari, na hakuna aliyependekeza kuyapiga marufuku magari. Aliyetishwa na baiskeli alikuwa mpigakura, alijua mkutano wa mtaa unakaa lini na diwani wake anaitwa nani. Aliyekuwa juu ya baiskeli mara nyingi hakuwa raia, na saa ya mkutano ndiyo saa ya chakula cha jioni, yaani saa yake ya kazi.

Aprili 2018 jiji lilitafuta njia ya kati: baiskeli inayosaidia pale tu mtu anapokanyaga pedali ikahalalishwa, ile ya kuzungusha mkono ikabaki haramu. Kitaalamu tofauti hiyo ina maana. Kijamii, iliwaokoa wenye kipato na kuwaacha wapeleka chakula mahali palepale. Agosti mwaka huohuo baiskeli za umeme za kukodi za Citi Bike zilianza kupita barabarani kwa uhuru. Mabadiliko nusu ya aina hii yana madhara yasiyoonekana haraka: yanawatuliza wale wenye sauti, na waliobaki wanapoteza wenzao wa kupigania nao.

Juni 2019 mabunge yote mawili ya jimbo yalipitisha muswada wa kuhalalisha, kwa kura 56 dhidi ya 6 katika Seneti na 137 dhidi ya 4 katika Baraza la Wawakilishi. Siku moja baada ya Krismasi, Gavana Andrew Cuomo aliukataa kwa kura ya turufu, akitaja upungufu wa masharti ya usalama, likiwemo la kofia ngumu. Kisha likaja janga la korona. Machi 2020 mikahawa ilifungwa, watu wakajifungia ndani, na jiji likasitisha ukamataji wa wapeleka chakula. Aprili, uhalalishaji ukapita ndani ya bajeti ya jimbo. Barabara zilikuwa zilezile na mota zilezile. Kilichobadilika ni nani alikuwa akimhitaji nani.

Kuhalalishwa hakukumaliza ugomvi. Betri za bei rahisi za lithiamu, zinazochajiwa usiku vyumbani, zilianza kuwaka moto. Mwaka 2023 moto wa aina hii uliua watu 18 jijini. Mapema zaidi, mwaka 2022, mamlaka ya nyumba za umma ilikuwa imependekeza kuzipiga marufuku baiskeli hizi katika majengo yake, kabla ya kurudi nyuma kwa upinzani wa wakazi. Hatua iliyonishawishi zaidi ni ile ya Baraza la Jiji: kuanzia Septemba 2023 hairuhusiwi kuuza baiskeli ya umeme au betri isiyothibitishwa kwa viwango vya usalama. Mwaka uliofuata vifo vilishuka hadi 6, ingawa idadi ya matukio ya moto haikupungua. Siwezi kusema kanuni hiyo peke yake ndiyo iliyoleta nafuu, ila imeelekezwa panapostahili: kwenye betri na muuzaji wake.

Swali hilohilo la pa kuelekeza sheria ndilo lililopotea tena katika suala la mwendo kasi. Mpeleka chakula anakimbia kwa sababu programu ya simu inamhesabia dakika. Jiji lilipoweka kima cha chini cha malipo ya wapeleka chakula mwaka 2023 liligusa mzizi huo. Lakini Aprili 2025 polisi walianza kuwapa waendeshaji wa baiskeli za umeme hati za kufika mahakama ya jinai kwa makosa kama kupita taa nyekundu, ambayo dereva wa gari huyamaliza kwa faini. Kwa mhamiaji, kupanda ngazi za mahakama ya jinai ni hatari kubwa kuliko faini yoyote.

Wanaopanga sheria za vyombo hivi, New York na kwingineko, nawaomba mambo mawili. Kila katazo liandikwe waziwazi, likiwa na jina la aliyeliweka na tarehe ya kulipima upya. Na kabla ya kumwadhibu aliye juu ya tandiko, waulizwe kwanza anayempa kazi na anayemuuzia betri.

Tarehe 24 Oktoba 2025 kikomo kipya cha mwendo wa baiskeli za umeme jijini New York kilianza kutumika: maili 15 kwa saa. Kikomo cha kawaida cha gari katika barabara hizohizo ni maili 25.