Tita la Kebo na Lebo Mbili

Atakaye kufahamu jinsi kebo nane zinavyofungwa zikahesabiwa moja, na ndani yake ikapita mitandao ya watu wasiojuana, na arejee kwanza mwaka 1973, katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, Marekani, ambako Robert Metcalfe na David Boggs waliziunganisha kompyuta kwa waya mmoja wa shirika, lisemwalo na mmoja likasikika kwa wote, wakaiita kazi yao Etheneti, kwa kuikumbuka ile etha ambayo wanazuoni wa kale waliidhania kuwa imeenea ulimwenguni ikichukua nuru.

Swichi iliyotolewa na kampuni ya Kalpana mwaka 1990, yenye matundu saba, iliipa kila kompyuta njia yake. Na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyobuni tita la kebo. Haja yake ilikuwa kubwa, kwani utaratibu aliouasisi Radia Perlman mwaka 1985, ili data isizunguke daima baina ya swichi, ulipoona njia mbili sambamba uliifunga moja, kebo ya pili ikakaa bure. Ilhali kebo za tita huonekana kuwa njia moja, zote zikafanya kazi. Kanuni ya matita kwa makampuni yote ilitoka mwaka 2000.

Mitandao pepe, ile ipitayo katika kebo moja bila kuchanganyika, nayo ilianza katika fikra za W. David Sincoskie, wa maabara za Bellcore, miaka ya 1980; kanuni yake, 802.1Q, ikatimia mwaka 1998. Hiyo ni lebo ya baiti 4, ipachikwayo mara baada ya anwani ya mpelekaji, bila kuigusa data yenyewe, nami naustahi mno uangalifu huo. Lakini nafasi ya namba ya mtandao ndani yake ni biti 12 tu, yaani mitandao 4094, na wateja wawili wa msafirishaji mmoja wa data aghalabu huja wote na namba 10.

Dawa, iliyoidhinishwa mwaka 2005, ikawa kubandika lebo ya pili juu ya ile ya mteja, na kuibandua mwisho wa njia ya msafirishaji. Hapo fremu, yaani kifurushi cha data kisafiricho katika Etheneti, iliyokuwa na kikomo cha baiti 1518 kabla ya lebo yoyote, hufikia 1526. Na swichi ya katikati iliyoachiwa kipimo cha zamani huzitupa zilizojaa na kuzipitisha ndogo, hata ujumbe mfupi wa majaribio ukaenda na kurudi salama, faili kubwa likakwama, na fundi akakesha akizikagua, moja baada ya moja, kebo za tita lisilo na kosa.