Kabla ya kununua printa, piga hesabu ya wino
Shule au kikundi chenu kikitaka printa, tunashauri msiangalie bei ya mashine peke yake. Wino ndio unaokula fedha. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa maandishi yanayofunika kama asilimia 5 tu ya ukurasa. Picha hula zaidi. Printa ya wino wa maji hutumia wino pia kujisafisha, na ikikaa bila kazi wino hukauka. Tona ni unga, haikauki.

Tuseme katriji ni shilingi 40,000 na inatoa kurasa 200: kila ukurasa ni shilingi 200. Ongezeni karatasi, umeme, kurasa zilizoharibika, na kwa walioko Mwamgongo, nauli ya boti hadi Kigoma mjini kufuata wino. Kisha linganisheni na bei ya steshenari. Kwa anayechapa mara chache, steshenari huenda ikawa nafuu.