Sheria Ndogo na Mfuko wa Mji

Historia ya nchi aghalabu husimuliwa kwa habari za vita, mikataba na wakuu waliotawala. Lakini mtu akaaye mjini hukutana na serikali mahali pengine kabisa. Hukutana nayo sokoni anapodaiwa ushuru wa meza, mtaroni maji machafu yanapokosa njia, na mlangoni pake taka zinapolala siku tatu bila ya kuzolewa. Mambo hayo madogo hutawaliwa kwa maandishi ya namna mbili, ambayo wanafunzi wetu wa historia huyasoma kwa nadra: sheria ndogo za halmashauri ya mji, na makisio yake ya mapato na matumizi. Makala haya yataka kuonyesha, kwa mfano wa miji ya Tanganyika, na baadaye Tanzania Bara, ya kuwa maandishi hayo mawili ni kitu kimoja chenye pande mbili. Sheria ndogo isiyo na fedha nyuma yake hubaki tangazo la ukutani. Na fedha ambazo mji haukuzipata kwa sheria yake wenyewe hutumika kwa nia ya aliyezitoa.

Yafaa kwanza tueleze namna kazi hiyo inavyofanyika. Sheria ndogo huanza kama rasimu katika idara ya halmashauri, ikajadiliwa katika kamati ya kudumu inayohusika. Kisha wakazi hupewa taarifa ili mwenye pingamizi aliseme. Baraza la madiwani huipitisha, nayo hupelekwa kwa Waziri anayehusika na Serikali za Mitaa. Akiikubali, huchapishwa katika Gazeti la Serikali, na hapo ndipo hupata nguvu. Makisio nayo hufuata njia iliyo karibu na hiyo. Mahitaji hutoka mtaani, hupita katika kamati ya maendeleo ya kata, huchambuliwa na wataalamu wa halmashauri na kamati ya fedha, kisha baraza huketi katika mkutano maalumu kuyapitisha kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Baada ya hapo huchunguzwa mkoani na wizarani, na mwisho huingia katika hesabu za taifa zinazoidhinishwa na Bunge.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Mji mdogo una meza 200 sokoni, na sheria yake ndogo yasema kila meza italipa shilingi 500 kwa siku. Soko likifanya kazi siku 300, mapato ya mwaka ni shilingi 30,000,000. Tarakimu hiyo itaandikwa katika makisio. Lakini haikuzaliwa humo, imezaliwa katika sheria ndogo. Diwani atakayetaka kujenga choo cha soko kwa fedha zaidi hawezi kubadili tarakimu peke yake. Hana budi kubadili sheria, yaani kuwakabili wachuuzi, kusikiliza pingamizi zao, na kungoja sahihi ya Waziri. Zaidi ya hayo, sheria ya nchi tangu mwaka 2018 imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, yale yasiyofungwa kwa kazi maalumu, kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Basi katika zile milioni 30, milioni 3 zimekwisha kupata mwenyewe kabla ya baraza kuketi.

Mwenendo huu una historia ndefu. Chini ya utawala wa Waingereza, sheria ya miji ya mwaka 1920 iliufanya Dar es Salaam kuwa mji wenye mamlaka yake. Lakini wajumbe wa mamlaka hiyo waliteuliwa na Serikali, na fedha zake zilitegemea uamuzi wa Serikali kuu. Kanuni za ujenzi ziliugawa mji katika maeneo matatu. La kwanza lilikuwa la nyumba za namna ya Kizungu, la pili la biashara na makazi, ambako Wahindi walikuwa wengi, na la tatu la Waafrika. Kanuni hizo hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Zilitaja vifaa vya ujenzi na ukubwa wa kiwanja, na matokeo yakawa yale yale. Matumizi ya fedha nayo yalifuata mipaka hiyo: barabara za lami, taa na mabomba yalitangulia eneo la kwanza, na Kariakoo ikangoja. Hivyo aliyetaka kujua nani alihesabiwa kuwa mwenyeji wa mji angeweza kuliona jibu katika kanuni za ujenzi, kisha akalithibitisha katika orodha ya matumizi.

Mwaka 1949 Dar es Salaam ilipata cheo cha manispaa na meya, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ikafungua njia ya kuundwa mabaraza mengine nchini. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Wasomaji wa jarida la namna hii wamjua zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Mtu aliyezikusanya kanuni za vina na mizani akawa mkuu wa baraza lililotunga kanuni za masoko na majengo. Mwaka uliofuata, mwaka wa Uhuru, Dar es Salaam ikawa jiji. Mabaraza yakawa ya wananchi, na matumaini yakawa makubwa.

Lakini mfuko haukukua sawasawa na matumaini. Halmashauri zilitakiwa kutoa elimu ya msingi, zahanati, barabara na maji, nazo zilitegemea kodi ya kichwa, ushuru wa mazao na ada ndogo ndogo. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ikafutwa, na halmashauri za wilaya zikapoteza nguzo kubwa ya hazina zao. Mkono mtupu haulambwi: halmashauri iliyoshindwa kulipa mishahara haikuweza kusikilizwa na mtu. Mwaka 1972 ukaja mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, na nia ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kuyapeleka maamuzi karibu na wananchi. Hata hivyo, madaraka yaliyopelekwa mikoani yaliwekwa mikononi mwa maofisa wa Serikali. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikavunjwa pia.

Hapa historia imetupatia jaribio ambalo mwanachuoni hangeweza kulipanga. Kanuni za usafi wa miji hazikuondoka katika vitabu. Kilichoondoka ni baraza la kuzisimamia na mfuko wa kuzilipia. Kukawa na kanuni ya kuzoa taka pasipo gari la kuzoa, na kanuni ya mitaro pasipo mtu wa kuizibua. Maofisa wa mikoa walikuwa na kazi nyingi, na sehemu kubwa ya macho yao yalielekea vijijini, ambako ndiko siasa ya wakati ule ilikoelekea. Miji ikachakaa. Kipindupindu kilipoenea nchini mwaka 1977 na 1978, hali ya usafi mijini haikuweza tena kufichwa. Mwaka huo wa 1978 Serikali ikatunga sheria ya muda ya kuzirudisha halmashauri za miji. Sheria za kudumu zilifuata mwaka 1982, mojawapo ikihusu fedha za serikali za mitaa peke yake, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza tena kazi nchini kote. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, akizungumza na jarida moja la nje, alikiri kwamba kuzivunja serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya lau angeanza upya. Ungamo kama hilo ni adimu kwa mtawala aliye bado madarakani, na yafaa lihesabiwe kuwa sehemu ya urithi wake.

Isidhaniwe, hata hivyo, ya kuwa kurudi kwa mabaraza kulimaliza taabu. Katika miaka ya 1990 taka zilirundikana katika mitaa ya Dar es Salaam, na halmashauri yake haikuwa na magari wala fedha za kutosha. Ndipo sheria ndogo za mwaka 1993 za uzoaji taka zikaruhusu wakazi watozwe ada, na mwaka 1994 kazi ya uzoaji katika kata za katikati ya jiji ikapewa mkandarasi binafsi. Hapa ile ndoa ya sheria na mfuko ilionekana waziwazi. Lakini ulionekana pia udhaifu wake, kwa sababu wengi hawakulipa, na mkandarasi bila ya ada hana gari barabarani. Mwaka 1996 Serikali ililivunja baraza la jiji na kuweka Tume ya Jiji iliyodumu hadi mwaka 2000, ndipo zikazaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke pamoja na halmashauri ya jiji, nayo ikavunjwa mwaka 2021, manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji.

Hapana budi tuusikilize upande wa pili kwa haki. Wapo wasemao kwamba halmashauri ziliutumia vibaya uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kila penye biashara palizuka ushuru: mkulima alitozwa shambani, akatozwa kizuizini, akatozwa tena sokoni. Kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu mzima alitakiwa kuilipa awe na kitu au asiwe nacho, ilikusanywa kwa misako, na maskini walijificha wamwonapo mgambo. Serikali ilipoifuta mwaka 2003, pamoja na ushuru mwingine mdogo mdogo, wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Kodi isiyoonyesha ilichojenga ni mzigo tu.

Lakini tutazame kilichofuata. Pengo lilizibwa kwa ruzuku kutoka Serikali kuu. Kodi ya majengo, ambayo ulimwenguni kote huhesabiwa kuwa kodi ya mji hasa, maana nyumba haihami, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato kuanzia mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme. Kwa ukusanyaji, njia hiyo ni nyepesi. Kwa uraia, imekata uzi. Aliyekwenda kulipa kodi ya nyumba katika ofisi ya manispaa aliweza kuuliza mbona mtaro wa mtaa wake haujazibuliwa. Anayekatwa kwa kununua umeme hana wa kumwuliza. Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Na halmashauri itegemeayo ruzuku haifi, ila hujifunza kutazama juu kuliko kutazama mtaani. Mkurugenzi wake huteuliwa na Rais, sheria zake huidhinishwa na Waziri, na sehemu kubwa ya fedha zake, hasa mishahara ya walimu na wauguzi, hufika ikiwa imekwisha kupangiwa kazi. Diwani abakiwa na nini? Abakiwa na lile soko, ile stendi, na yale machinjio. Na kwa hayo atakiwa kutimiza ahadi zote alizotoa wakati wa uchaguzi.

Somo la miaka mia hii, basi, si kwamba Serikali kuu ni mbaya na mabaraza ni mema. Serikali kuu iliyavunja mabaraza, na ndiyo iliyoyarudisha. Mabaraza yaliomba uhuru, na mengine yaliutumia kumlemea mchuuzi. Somo ni kwamba kila mara sheria ndogo ilipotenganishwa na mfuko, aliyeumia ni mkazi wa kawaida: ama alitozwa bila ya kuhudumiwa, ama aliamrishwa usafi bila ya kupewa mahali pa kutupa taka.

Kwa wanafunzi wa historia iko kazi hapa. Makisio ya halmashauri, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na sheria ndogo katika Gazeti la Serikali ni nyaraka kavu, hazina utamu wa tenzi. Lakini asomaye mistari yake kwa subira ataona nani alipewa taa na nani aliachwa gizani, mwaka gani choo cha soko kiliahidiwa na mwaka gani kiliondolewa katika orodha. Tumezoea kuwauliza wazee habari za vita na za Uhuru. Tuwaulize pia walilipa nini sokoni, walimlipa nani, na walipata nini.